Afungaye Kibanda Aseme Kitafunguliwa Lini

Ugonjwa wa mlipuko unapoingia mjini, mtu wa kwanza kuagizwa asimamishe kazi yake ni mama lishe. Ugonjwa unapokwisha, mtu wa mwisho kukumbukwa ni mama lishe huyo huyo. Baina ya siku hizo mbili upo muda ambao hakuna ofisi inayouhesabu, na katika muda huo ndipo mtaji mdogo uliokusanywa kwa miaka huliwa ukaisha. Jambo hili limekwisha kutokea mara nyingi nchini, na hapana shaka litatokea tena. Kwa hiyo linastahili kufikiriwa na watumishi wa umma wakati huu wa utulivu, kabla tangazo jingine halijabandikwa ukutani.

Mkoa wa Morogoro unafaa kuchukuliwa kuwa mfano. Mji wa Morogoro uko njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo, moja ikaelekea Dodoma na nyingine Iringa, na mabasi ya mikoa mingi husimama Msamvu. Kinachosafiri barabarani hupita Morogoro, yakiwamo magonjwa. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 hakikukawia kufika mkoani humo. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2018, watu zaidi ya 33,000 Bara na Visiwani walikuwa wameugua, na zaidi ya 500 kati yao walikuwa wamekufa. Taifa lilishtuka kiasi kwamba sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilifutwa, na siku hiyo ikatumiwa kufanya usafi nchi nzima. Kabla ya hapo ulikuwako mlipuko wa mwaka 1997, ambao wagonjwa wake walizidi 40,000, na ule wa mwaka 1977 ulioanzia bonde la Rufiji. Katika milipuko ya namna hii, moja ya hatua za mwanzo huwa ni kuzuia chakula na vinywaji visiuzwe mahali pa wazi.

Kisha ukaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zilifungwa, na siku iliyofuata vyuo. Serikali haikufunga masoko wala haikuwafungia watu majumbani, tofauti na nchi jirani ya Uganda, ambako wauzaji wa bidhaa zisizo chakula walifukuzwa masokoni na wauzaji wa chakula wakaagizwa walale huko huko. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba wafanyabiashara wadogo wa Tanzania walipita salama katika kipindi kile. Dhana hiyo haina ukweli, na Morogoro ni shahidi.

Morogoro ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko mjini, Chuo Kikuu Mzumbe hakiko mbali, na vipo vyuo vingine pamoja na shule nyingi za bweni. Kuzunguka vyuo hivyo pana watu ambao maisha yao yote yanategemea wanafunzi: mama lishe, wauza chipsi, mafundi viatu, wasusi, wenye mashine za kunakili maandishi, wenye kupangisha chumba kimoja kimoja na vijana wa bodaboda. Hakuna mgambo aliyewafuata watu hawa mwezi Machi 2020. Wateja wao walipanda mabasi wakaenda makwao, basi. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Kwa mtu ambaye faida ya leo ndiyo unga wa kesho, miezi miwili na nusu ni muda mrefu kupita kiasi.

Tena wateja hao hawakuondoka mikono mitupu. Mama lishe wa jirani na chuo huwa na daftari. Mwanafunzi hula leo akalipa fedha ya kujikimu itakapoingia, na mfanyakazi hula mwezi mzima akalipa mwisho wa mwezi. Vyuo vilipofungwa ghafla, fedha iliyoandikwa katika madaftari ilisafiri pamoja na wadaiwa. Hivyo mama lishe alipoteza mapato ya siku zijazo, na papo hapo akapoteza jasho la siku zilizokwisha kupita.

Hasara ya namna hii haiishii mjini. Kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyopikwa Morogoro huteremka kutoka Mgeta na Nyandira. Ndizi, mananasi na viungo hutoka Kinole na Matombo. Mkulima wa Uluguru hulima kipande kidogo cha ardhi ya ukoo kwenye mteremko mkali, na mara nyingi mzigo husafiri kichwani mwa mwanamke mpaka palipo na gari. Mboga haina subira. Kabichi isiyonunuliwa Jumatatu huwa chakula cha ng'ombe ifikapo Alhamisi. Sufuria la mjini likifunikwa, shamba la mlimani hupoteza mnunuzi, na mtoto wa Nyandira hukosa daftari la shule pasipo kujua kwamba kisa chake kilianzia kibandani kwa mtu asiyemfahamu.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtumishi wa Serikali, akiwamo mwalimu wa shule ya umma, alipokea mshahara wake mwishoni mwa Aprili 2020 ingawa darasa lilikuwa tupu. Ilikuwa haki yake, wala hapana sababu ya kumlaumu. Lakini mama aliyempikia uji na maandazi kwa miaka mitano hakuwa na mwisho wa mwezi wa kuungojea. Tofauti hiyo inapaswa kukumbukwa na kila anayekaa mezani kuandika agizo, kwa sababu agizo lile lile humgusa mmoja katika utaratibu wa kazi tu na kumgusa mwingine katika riziki yake.

Haifai kudai kwamba afisa afya hukosea anapofunga. Kipindupindu huweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa saa chache, na ndoo moja ya maji machafu ya kuoshea vyombo yaweza kuambukiza mtaa. Muuza chakula asiye na maji safi, asiye na choo cha karibu na asiyepimwa afya kama inavyotakiwa, hana msingi wa kulalamika akizuiwa. Maisha ya wateja wake ni mali kubwa kuliko mauzo yake. Kasoro iko katika yale yanayofuata baada ya kufunga, ambayo aghalabu ni kimya. Agizo hupitishwa kwa kipaza sauti, utekelezaji wake hukabidhiwa mgambo, masufuria huchukuliwa, na hakuna anayetamka lini wala kwa masharti gani kazi itaanza tena. Matokeo yake yanajulikana. Baada ya wiki moja mama lishe hurudi kwa kificho, akapika uani na kuuzia kichochoroni, mahali ambapo maji ni haba zaidi na mkaguzi hafiki. Agizo lililokusudiwa kuzuia ugonjwa huwa limeusogeza gizani.

Milima ya Uluguru yenyewe ina kumbukumbu ya agizo jema lililoharibiwa na namna lilivyotekelezwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini wananchi walilazimishwa kazi nzito pasipo kusikilizwa, na mwaka 1955 upinzani wao ulifikia hatua ya ghasia, na mpango ukaachwa. Wakoloni wamekwisha kuondoka, lakini somo limebaki: amri isiyoeleza sababu na isiyoonyesha mwisho wake hukataliwa hata inapokuwa na faida kwa yule anayeamriwa.

Liko pia somo kutoka mbali. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua mamia ya watu katika mtaa wa Soho mjini London. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba vingi vilihusiana na kisima kimoja cha pampu, na wakuu wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu ile. Leo wataalamu wanajua kwamba anayetaka kukishinda kipindupindu lazima ayafuate maji.

Hapa ndipo Morogoro inapopaswa kujitazama. Mji huu huitwa kwa fahari mji kasoro bahari. Mito hububujika kutoka mlimani juu yake, na maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu ambao hunywesha jiji la Dar es Salaam. Hata hivyo, mama lishe anayepika chini ya mlima huo huo mara nyingi hununua maji kwa ndoo. Mtu anayenunua maji kwa ndoo huyabania. Atapikia, atanywesha, na yanayosalia ndiyo ataoshea sahani mara nyingi awezavyo. Kumwadhibu kwa uchafu kabla ya kumpatia bomba ni kumwadhibu kwa umaskini. Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la watawala wa Kinole waliosifika kwa kuomba mvua, limeonyesha kwamba Serikali ikiamua inaweza kuwajengea wafanyabiashara mahali pa heshima. Kazi iliyobaki ni kuwafikia wale wanaouza nje ya kuta za soko, vituoni na mitaani, kwa bomba la pamoja, choo kinachofanya kazi na mahali pa kumwaga maji machafu. Hayo yakiwapo siku za afya njema, siku ya ugonjwa vibanda vitakavyolazimika kufungwa vitakuwa vichache.

Kwa upande wa maagizo, yapo mambo manne ambayo kila halmashauri inaweza kuyafanya. Kwanza, agizo la kufunga liwe la maandishi, lieleze sababu yake na litaje tarehe ambayo litaangaliwa upya. Pili, liambatane na orodha ya masharti ambayo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuyatimiza: maji tiririka na sabuni kwa kila mteja, hata kama ni kibuyu chirizi, maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, chakula kifunikwe na kiliwe kingali moto, vyombo vioshwe kwa maji safi, na mpishi awe na cheti cha kupimwa afya. Tatu, mama lishe anayesema yuko tayari akaguliwe katika siku chache zinazojulikana, na akitimiza masharti afungue yeye, pasipo kungoja hadi mtaa mzima utimize. Mwenye bidii asifungwe kwa uzembe wa jirani. Nne, siku ambazo mtu amezuiwa kuuza asidaiwe ushuru wala kodi ya kizimba, maana haiwezekani mkono mmoja umfungie mlango na mkono wa pili umdai kodi ya mlango huo huo.

Mambo matatu ya kwanza hayadai fedha nyingi. Yanadai karatasi, kalamu na miguu ya watendaji. Wapo watakaojibu kwamba watumishi ni wachache na mitaa ni mingi. Ni kweli. Lakini watumishi hao hao hupatikana siku ya kufunga, na hapana hoja inayoeleza kwa nini wakosekane siku ya kufungua.

Suala la mtaji ni gumu zaidi. Mwaka 2020 Benki Kuu ilichukua hatua za kuzipunguzia benki mzigo na kuziruhusu zitazame upya marejesho ya mikopo iliyoathirika. Hatua hizo zilikuwa za busara, lakini mama lishe hana mkopo wa benki wa kuangaliwa upya. Benki yake ni kikundi cha kuweka na kukopa, upatu wa mtaani, na mwenye duka anayemkopesha kilo kumi za unga. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Kwa fedha hizo madarasa 15,000 yalijengwa, na taifa lilinufaika. Lakini aliyekuwa amekula mtaji wake mwezi Mei 2020 alihitaji mfuko wa unga na dumu la mafuta wakati ule ule, wala si mwaka uliofuata.

Chombo kinachoweza kumfikia haraka kipo katika halmashauri zenyewe. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji, na mwaka 2024 ikaanza tena kwa utaratibu mpya. Ni vema sehemu ndogo ya mfuko huo iwekwe akiba ya dharura, itolewe upesi kwa vikundi vya watu waliofungiwa kwa sababu ya ugonjwa, na marejesho yaanze baada ya kazi kusimama imara. Anayehitaji mfuko wa unga akijaziwa fomu kwa miezi sita, atakapopata mkopo atautumia kulipa madeni ya miezi sita.

Wapo watumishi ambao bado humwona mchuuzi kuwa ni mtu asiye na kazi. Mtazamo huo una historia. Mwaka 1983, chini ya sheria ya nguvu kazi, watu wengi waliokuwa wakijipatia riziki kwa biashara ndogo mijini walihesabiwa miongoni mwa wazururaji, na wapo waliopelekwa vijijini. Nchi imekwisha kubadilika tangu wakati huo. Desemba 2018 Serikali iliwapa wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka vitambulisho vyao kwa shilingi 20,000, na hivyo ikawatambua rasmi. Mtu aliyetambuliwa siku ya kulipa shilingi 20,000 anastahili kutambuliwa pia siku ya dhiki.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujisomea na kusikiliza redio, na katika kazi hiyo walimu walikuwa mstari wa mbele. Vyoo vilichimbwa na maji yalichemshwa kwa sababu watu walielezwa wakaelewa. Mwalimu wa sayansi anayemweleza mama lishe wa lango la shule jinsi vijidudu vinavyotoka chooni hadi kwenye sahani hufanya kazi ambayo virungu vya mgambo haviwezi kuifanya. Kazi hiyo haihitaji kungoja waraka kutoka wizarani. Yatosha saa moja ya jioni na ubao wa darasa.

Na lipo jambo ambalo kila mtumishi anaweza kulitekeleza kesho asubuhi: kulipa anachodaiwa. Kabla ya kuuliza Serikali imewasaidiaje wafanyabiashara wadogo, msomaji wa ofisini na wa shuleni alitazame jina lake katika daftari la mama lishe. Ofisi iliyokula chakula cha semina haijamlipa mpishi. Shule iliyopelekewa maharage inamzungusha mzabuni. Mfanyakazi aliyehamishiwa wilaya nyingine ameondoka na deni. Fedha hizi si msaada wala mkopo. Ni mali ya watu, na kuzirudisha wakati wa shida kuna faida kuliko hotuba nyingi za pole.

Inafaa pia wafanyabiashara wenyewe waambiwe ukweli. Anayeacha chakula wazi kwa nzi, anayekataa kupimwa na anayetumia sahani pasipo kuiosha anawaharibia wenzake wote. Vikundi vyao havina budi kusimamia usafi wa wanachama wao, kama vinavyosimamia marejesho ya fedha. Mkaguzi anayemkuta mtu wa namna hiyo afunge, na afunge bila huruma, ila amwachie mkononi karatasi inayosema afanye nini ili afungue.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wananchi wa Morogoro, wa mjini na wa mlimani, wataipima Serikali yao ya mtaa kwa siku za namna hii kuliko kwa siku za mavuno. Kipindupindu hupenda mvua, na mvua za masika hazina mwaka zinaosahau kuja. Kabla hazijaanza kunyesha, kila halmashauri iwe imeandika, imejadili na imebandika hadharani utaratibu wake wa kufungua, uwe wazi na unaojulikana na kila mtu kama ule wa kufunga.